Commodore 64 "haijajaribiwa": nilichoambiwa na nilichokikuta

Binti yangu aliitoa kwenye boksi, akaigeuza juu chini, akauliza: "Baba, hii si kibodi tu? Kompyuta yenyewe iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hiyo ameishika. Akaitazama tena kama mtu aliyekabidhiwa usukani akaambiwa hilo ndilo gari.

Hakukosea sana. Commodore 64 ni kibodi nene yenye kompyuta tumboni: prosesa ya MOS 6510 inayokwenda kwa takriban megahezi 1, kumbukumbu ya kilobaiti 64, chipu ya picha, chipu ya sauti, na matundu ya kuchomekea televisheni, kaseti, diski na vijiti vya kuchezea. Ilitangazwa Januari 1982, ikaingia sokoni mwaka huohuo, na iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990, Commodore ilipokuwa inaelekea kufilisika mwaka 1994. Yangu ni ya umbo la kwanza, la kahawia, lenye mgongo wa mviringo. Niliinunua mnadani kwenye mtandao, fungu moja pamoja na adapta yake, kinasa kaseti cha 1530, kiendeshi cha diski cha 1541 na disketi 43.

Nimekaa nayo miezi 4. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, si ufundi. Bisibisi nimejifunza kushika ukubwani. Ila nimegundua kukagua kompyuta kuukuu hakutofautiani sana na kukagua vitabu vya fedha: unasoma kilichoandikwa, unatafuta kilichoachwa, kisha unafungua kabati mwenyewe.

Tangazo lilikuwa na sentensi 3. Haijajaribiwa. Taa nyekundu inawaka. Ilikuwa nzima tulipoihifadhi.

Ya kwanza na ya pili tayari zinagombana. Mtu aliyeiona taa ikiwaka alikuwa na adapta, alikuwa na soketi ya ukutani, na alibonyeza swichi. Kilichobaki kati yake na jaribio kamili ni waya mmoja wa kwenda kwenye televisheni. Ama hakuwa nao, ama alikuwa nao, akauchomeka, akaona skrini nyeusi, akauchomoa na kuandika "haijajaribiwa". Mimi huchukua hilo la pili. Si kwamba nawadhania watu ubaya. Nikikosea upande huo sipotezi kitu, nikikosea upande wa kwanza nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Taa nayo ni shahidi dhaifu. Mashine hii inakula umeme wa aina mbili, volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu, na taa imeungwa kwenye zile 5 peke yake. Zikikatika 9, taa inawaka kama kawaida na huna kompyuta. Wala taa haijui kama hizo volti 5 ni 5 kweli au zimeshapanda karibu na 6. Kazi yake ni kuwaka. Na hiyo "ilikuwa nzima tulipoihifadhi" nisiizungumzie; kila kitu kilikuwa kizima kabla hakijaharibika.

Basi niliikadiria kama maiti. Nilijiuliza: ikifika haina uhai kabisa, viungo vyake vinafaa nini? Kibodi kamili yenye vitufe vyote. Kasha lisilopasuka. Chipu ya picha, ambayo kwenye mashine za mfumo wa televisheni wa PAL ni 6569. Chipu ya sauti, 6581, iliyobuniwa na Bob Yannes, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa hesabu. Hizi hazitengenezwi tena, na wanaozitaka si wenye Commodore pekee: wanamuziki wanazisaka kwa ajili ya vinanda vya elektroniki, na kampuni ya Elektron ya Sweden ilishawahi kuuza kifaa kizima cha muziki, SidStation, kilichojengwa juu ya chipu hii. Nilijumlisha viungo, nikaondoa gharama ya usafiri, nikaweka dau langu hapo na nikafunga kompyuta ya kisasa nikaenda kulala. Nilishinda kwa takriban theluthi moja ya bei ambayo mashine zilizosafishwa na kujaribiwa zilikuwa zikichukuliwa kipindi hicho.

Nasema "zikichukuliwa", si "zikiuzwa kwa bei ya". Hapa ndipo watu wengi wenye mashine stoo wanapojidanganya. Wanafungua mtandao wa minada, wanaona mtu ameweka Commodore kwa bei ya kutisha, wanadhani wamekalia hazina. Bei iliyoandikwa ni ndoto ya muuzaji. Bei ni ile iliyolipwa, na minada mikubwa ina sehemu ya kuonyesha mauzo yaliyokamilika. Mimi huangalia hayo ya miezi 3, naondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, nayatenga yaliyobaki katika mafungu matatu: zilizouzwa kama mbovu, zilizouzwa kama "haijajaribiwa", na zilizoonyeshwa zikifanya kazi kwa picha ya skrini. Ukifanya hivyo mara mbili tatu utaona kitu cha kuchekesha: fungu la katikati mara nyingi linalipiwa zaidi ya la mbovu, ingawa ndani yake kuna mashine zilezile. Watu wananunua matumaini. Mbovu iliyoelezwa vizuri, "skrini nyeusi, adapta sijaitumia, ndani hakujaguswa", ni biashara bora kuliko ya kimyakimya.

Halafu kuna neno "adimu". Nimelihesabu kwenye matangazo mpaka nikachoka. Commodore 64 inatambuliwa na Guinness kama kompyuta ya mezani iliyouzwa zaidi kwa modeli moja, ziliuzwa kwa mamilioni, sasa uadimu unatoka wapi? Zipo za kweli chache: za mwanzo kabisa zenye nembo ya fedha badala ya mistari ya upinde wa mvua, zile za dhahabu zilizotolewa Ujerumani kuadhimisha mashine milioni moja zilizouzwa huko, na Commodore 65 ambayo haikuwahi kufika madukani na iliyobaki ni ya majaribio tu. Kama yako si mojawapo ya hizo, thamani yake inatokana na hali, ukamilifu na ushahidi. Boksi la asili lenye namba inayolingana na ile ya chini ya mashine linapandisha bei kuliko unavyoweza kuamini kwa kipande cha karatasi ngumu. Yangu haina boksi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuona tangazo la mashine ya 1984 yenye mistari 12 ya sifa na picha moja yenye ukungu.

Mzigo ulipofika, kitu kilichoonekana kizima kuliko vyote ndicho kilichokuwa hatari kuliko vyote. Adapta. Tofali jeusi, zito, safi, waya wake haujachubuka, lebo inasomeka. Ukiwa na haraka utachomeka tu.

Usichomeke. Adapta za zamani za Commodore 64 zimejazwa resini ndani, hazifunguki kwa urahisi, na hiyo resini inashikilia joto. Humo kuna kidhibiti cha volti 5. Kidhibiti kikichoka hakizimiki kwa adabu. Mara nyingi kinaacha volti zipande. Chipu za MOS zilizomo, prosesa ikiwemo, zimetengenezwa kwa volti 5, na nafasi ya kupungua au kuzidi ni asilimia 5, yaani kuanzia 4.75 hadi 5.25. Adapta iliyochoka inaweza kuua kompyuta iliyolala salama miaka 30, na inaiua dakika ileile mwenyewe anapoiwasha kuona kama bado nzima. Kwa hiyo jaribio lenyewe ndilo linaloua, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayemkuta babu yake na Commodore kabatini alijue kabla hajatafuta waya.

Plagi ya kuingia kwenye kompyuta ina pini 7. Volti 5 ziko pini ya 5, ardhi ipo pini ya 2, na volti 9 za mkondo geu ziko kati ya 6 na 7. Nilipima kwa mita bila kompyuta: 5.2. Nzuri. Mwingine angeishia hapo. Lakini adapta isiyobeba mzigo ni kama mtu anayepimwa presha akiwa amelala, kwa hiyo nilifunga rezista ya ohmu 5, ile nene ya wati 10, nikaiacha ifanye kazi huku nakunywa maji na kuangalia saa. Dakika ya 10, 5.3. Dakika ya 25, 5.5. Dakika ya 40, tofali lina joto la kutosha kupasha mikono, na mita inasoma 5.8. Nikachomoa. Adapta hii napenda kuipa nyota sifuri, ila kwa miaka yake ilitumika kwa heshima, basi nusu.

Nilinunua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii. Gharama yake iingize kwenye bei tangu siku ya kwanza. Mimi naihesabu kama sehemu ya mashine, sio nyongeza. Mtu akiniuzia Commodore "kamili na adapta yake ya asili", kwangu hiyo adapta ina thamani ya uzito wa kushikilia mlango.

Kasha linafunguka kwa skrubu 3 za chini, upande wa mbele. Nyuma halina skrubu, lina ndimi za plastiki zinazoingia kwenye vijishimo, na hapo ndipo mafundi wa haraka hujulikana: wanavuta kifuniko juu badala ya kukiinua kwa mbele kama kifuniko cha sanduku, ndimi zinavunjika. Zangu zipo zote. Muhuri wa dhamana ulishakatwa zamani. Upande wa kushoto kuna tobo lililotobolewa kwa drili, safi, lenye kitufe cha kuanzisha upya mashine. Mkusanyaji ataona tobo hilo na kukata bei. Mtumiaji ataona kitufe na kushukuru. Mimi nimo katikati, ila nilipoona tobo nilijua kwamba kuna mtu alishaingia humu na pasi ya kuchomelea risasi, na nikaanza kutafuta alama zake nyingine.

Ndani kulikuwa na lile karatasi gumu lenye ngozi ya fedha la kuzuia mawimbi, lililolala juu ya chipu kama blanketi, likizipikisha. Nimelitoa na kulihifadhi kwenye bahasha, kwa sababu kuna watu watauliza. Vumbi la kawaida. Hakuna kutu, hakuna alama ya maji, na hakuna betri, kwa maana Commodore 64 haikuwahi kuwa na betri kwenye bodi yake. Nitalirudia hili chini.

Chipu za miaka ile zina tarakimu 4 za tarehe mgongoni, mbili za mwaka na mbili za wiki. Ni stakabadhi zilizobandikwa kwenye bidhaa yenyewe. Nilizisoma moja moja kwa tochi ya simu. Zote za 1984, isipokuwa moja ya 6526, mojawapo ya mbili zinazoshughulikia kibodi, vijiti vya kuchezea na milango mingine: hiyo ni ya 1987, imekaa kwenye soketi ambayo nukta zake za risasi ni kubwa na za kijivu, tofauti na majirani zake zinazong'aa. Basi mashine hii iliwahi kufa na kufufuliwa. Tangazo halikusema, na huenda muuzaji mwenyewe hakuwa na habari. Mimi hilo halinipunguzii bei. 6526 zinauawa kirahisi na umeme tuli unaoingia kupitia matundu ya vijiti, na mtu aliyejali kuibadilisha ni mtu aliyeipenda mashine. Ila ningependa kuambiwa.

Chipu ya sauti ilikuwepo. Usicheke. Commodore 64 inawaka vizuri kabisa, inakuonyesha skrini ya buluu na maandishi yake, ikiwa tundu la 6581 ni tupu. Kuna wauzaji wanaozing'oa, wanaziuza kivyake, kisha wanauza mashine kwa picha ya skrini ya buluu na hawajasema uongo hata neno moja. Pia kuna 6581 za bandia, chipu nyingine zilizofutwa mgongo na kuandikwa upya. Omba picha ya ndani. Anayekataa kufungua skrubu 3 amekujibu.

Niliiwasha kwa adapta mpya. Taa nyekundu. Skrini nyeusi, nyeusi ya kukata tamaa, isiyo hata na pambizo.

Hapo ndipo wengi husema chipu ya mantiki, ile PLA, imekufa, kwa sababu ni kweli hufa sana na dalili yake ni hiyohiyo. Wanaagiza chipu mpya. Mimi kwa tabia ya kazi yangu nilianza na kitu cha bei ndogo kabisa. Karibu na swichi kuna fyuzi ndogo ya kioo ya ampea 1.5, inayolinda njia ya zile volti 9. Kwenye bodi za zamani volti 9 ndizo zinazozaa volti 12 za chipu ya sauti na ya picha, na pia volti 5 nyingine safi za chipu ya picha na saa yake. Fyuzi ikikatika, taa inawaka, prosesa ina umeme, lakini saa haipigi na hakuna picha. Niliipima. Imekatika. Sababu ya kawaida ni mkono kuteleza kwenye mlango wa nyuma wa mtumiaji, ambao una volti 9 wazi kwenye ncha zake, na ukikumbuka kuna mtu alikuwa anatoboa matobo na kuunga swichi, sioni haja ya mpelelezi.

Fyuzi ni kitu cha senti. Niliibadilisha, nikabonyeza swichi, nikahesabu: kompyuta hii inachukua kama sekunde 2 kujipima kumbukumbu kabla haijasema kitu. Kisha ikatokea buluu ndani ya buluu, na mstari ninaoupenda kuliko mingine yote kwenye mashine yoyote:

38911 BASIC BYTES FREE

Maana yake baiti 38911 ziko huru kwa programu za BASIC, lugha yake ya ndani. Watu wanaisoma kama salamu. Ni hati ya ukaguzi. Inapoamka, programu yake ya ndani inapita kwenye kumbukumbu ikiandika na kusoma, na ikikutana na baiti isiyorudisha ilichopewa inasimama hapohapo na kuhesabu ilichopata. Namba ikiwa pungufu ya 38911, kuna chipu ya kumbukumbu inayougua, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa. Ukitumiwa picha ya skrini na muuzaji, ikuze usome namba. Nimewahi kuona tangazo lenye maneno "inafanya kazi kikamilifu" na picha yenye namba pungufu chini yake, wazi, kama mtu aliyepiga picha ya kidonda chake huku akitabasamu.

Sauti niliipima kwa mkono. Ukiandika amri ya POKE 54296,15 unapandisha sauti hadi mwisho, na kwenye 6581 utasikia "tk" kwenye spika hata kabla hujacheza noti. Hiyo ni kasoro ya chipu ambayo watunzi wa programu waliigeuza kuwa njia ya kuchezesha ngoma na sauti za watu. Kwenye mashine za baadaye zenye chipu ya 8580 mlio huo ni hafifu sana, na baadhi ya michezo inasikika kama mtu anayeongea chini ya mto. Chipu ina sauti 3, rejista za kila moja zinaanza anwani 7 mbele ya iliyotangulia: 54272, 54279, 54286. Nilipiga noti kwa kila moja peke yake, kwa mawimbi yote, kwa sababu wimbo mzima unaweza kuficha sauti iliyokufa, kama kwaya inavyomficha anayefungua mdomo tu. Zote 3 zipo. Kichujio pia kinafanya kazi, ingawa kina giza kuliko cha mashine ya rafiki yangu. Vichujio vya 6581 havifanani, kila chipu ina koo lake, na nyimbo zilezile kwake zinang'aa na kwangu zinanguruma. Nimeamua napenda kunguruma.

Kibodi: vitufe 4 vilikuwa haviitiki vizuri, vikasafika kwa spiriti ya isopropili. Kuifungua ni rundo la skrubu ndogo na waya 2 za kitufe cha kufunga herufi kubwa ambazo lazima uzichomoe kwa pasi. Jioni moja.

Kiendeshi cha 1541 kinanipa maumivu, si kwa kosa lake. Ni kompyuta kamili yenyewe, ina prosesa ya 6502 na kilobaiti 2 za kumbukumbu, inaweka kama kilobaiti 170 kwenye upande mmoja wa disketi, na ina uzito wa tofali kwa sababu transfoma yake imo ndani. Kitu cha uzito huo kilifungwa kwa karatasi za gazeti tabaka moja, kikawekwa juu ya kompyuta kwenye boksi moja. Kona ya kasha imepasuka. Ajabu ni kwamba kompyuta iliyokuwa chini yake haina mkwaruzo. Ukinunua kiendeshi, jadili namna kitakavyofungwa kabla ya kujadili bei, na omba kichwa cha kusomea kifungwe kwa karatasi gumu la usafiri ndani ya mdomo wake.

Kukipima bila kompyuta ni rahisi: washa, taa nyekundu iwake, mota izunguke kidogo, taa izime baada ya muda mfupi. Ikigoma kuzima, ndani kuna ugonjwa. Yangu ilizima. Amri ya LOAD"$",8, inayosoma orodha ya yaliyomo kwenye disketi, ikanipa makosa, nikasafisha kichwa, ikanipa orodha. Kujua kama kichwa kimehama kwenye mstari, usitumie disketi zilizorekodiwa na kiendeshi hichohicho, maana kilichopinda kinasoma vizuri maandishi yake yaliyopinda. Tumia za kiwandani. Nilizokuwa nazo zilisomeka zote 3.

Na hizo disketi 43. Kabla ya kuingiza hata moja, zungusha diski kwa kidole huku ukiangalia kupitia dirisha lake. Madoa meupe kama unga ni kuvu. Disketi moja yenye kuvu inapaka kichwa, kichwa kinakwaruza inayofuata, na unaua maktaba nzima ukidhani unaikagua. Nimetenga 9. Kinasa kaseti kilihitaji mkanda mpya wa mpira, basi.

Watu wananiuliza kama wangeanza na mashine gani, na jibu langu ni hii, kwa sababu ya kitu kisichokuwemo. Amiga 500 Plus ya 1991 ni mashine nzuri kuliko hii kwa kila kipimo, lakini ina betri ya kuchaji iliyochomelewa juu ya bodi, na betri hiyo ikivuja inakula njia za shaba kama mchwa; unaweza kununua kasha zuri lenye kaburi ndani. Amiga 1200 haina betri hiyo ila ina kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi zinazovuja zikizeeka. Kompyuta za Macintosh za kipindi hicho zina zote mbili, betri na kapasita. BBC Micro ina kapasita ndani ya kisambaza umeme chake ambayo ganda lake linapata nyufa, na siku moja inajaza chumba moshi. ZX Spectrum ya vitufe vya mpira haina betri, lakini utando wa kibodi yake unakuwa mkavu kama jani na kukatika, na chipu zake za chini za kumbukumbu zinataka volti za aina 3; ikikosekana ile hasi, zinaungua. Commodore 64 ikikaa kabatini miaka 30 pasipo unyevu haijidhuru. Inasubiri tu mtu aje na adapta mbovu.

Jambo la rangi nalisema kwa ufupi kwa sababu lina mashabiki wenye hasira. Plastiki za mashine zile huwa njano, hasa za rangi nyepesi kama Commodore 64C ya 1986, na bromini iliyotiwa kuzuia moto hutajwa kama mshukiwa mkuu. Kuna wanaozipaka hidrojeni peroksaidi na kuzianika mpaka ziwe nyeupe. Zinang'aa kwenye picha, na manjano yanaweza kurudi. Nikiona mashine nyeupe kupita kiasi naipunguzia bei. Yangu ni ya kahawia, suala limekwisha.

Mashine: nyota 5. Fungu zima kwa bei niliyolipa: 4. Muuzaji: 2, na moja kati ya hizo ni kwa sababu nilipomwandikia kuhusu ile kona alijibu siku ileile na kurudisha sehemu ya pesa bila ubishi. Nikamwambia pia kuhusu fyuzi. Akanyamaza siku 2, kisha akaandika: "Kumbe."

Siiuzi. Lakini binti yangu, ambaye sasa anajua kompyuta iko wapi, alinitaka niandike tangazo kama vile naiuza, tuone kama nitasema yote. Nimeandika hivi:

Commodore 64 ya 1984, PAL, ya kahawia. Inafanya kazi; picha ya skrini yenye 38911 imeambatishwa, na picha ya ndani pia. Chipu ya sauti ya asili, sauti 3 zimepimwa. Chipu moja ya 6526 ilibadilishwa zamani na mtu mwingine, kwa risasi mbaya. Fyuzi nimebadilisha mimi. Kuna tobo upande wa kushoto lenye kitufe. Vitufe vyote vinaandika, cha RETURN kinahitaji kubonyezwa kwa moyo. Kiendeshi kina kona iliyopasuka, kinasoma. Disketi 34 safi, na 9 za kuvu nazitoa bure kwa anayejua kuziosha. Adapta mpya imo. Ya zamani haimo. Waya wake nimeukata kwa mkasi.